Shamba langu liko chini ya mwalo wa dhahabu: je, udongo wake umekufa?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina ekari mbili mkoani Geita, nilizinunua miaka minne iliyopita. Upande wa juu, kama hatua mia moja, kuna mwalo wa kuchenjulia dhahabu ambao siku hizi hautumiki sana, ila marudio, ule mchanga wa mawe yaliyosagwa, yamebaki pale yamelundikana, na mvua zikikolea maji yanayashusha mpaka shambani kwangu. Juu nalima mahindi na maharage, katikati nina bustani ya mchicha na chainizi, na chini mbugani nina majaruba manne ya mpunga. Pale palipofunikwa na mchanga wa marudio mahindi yanakuwa ya njano na mafupi, lakini mpunga unastawi vizuri tu. Jirani ananiambia niweke chokaa na samadi ya kutosha, sumu itakwisha. Mwingine anasema nipande alizeti, eti inavuta sumu. Mume wangu anasema mboga zikichemshwa sawasawa hazina shida, na mpunga ukistawi ujue udongo ni mzima. Nina watoto watatu, mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Je, udongo huu umekufa? Nihame, au kuna dawa?"*

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana umefunga maswali mawili kwenye furushi moja. La kwanza: udongo huu bado unaweza kuotesha? La pili: kinachoota humo kinalika? Mumeo ameyachanganya, na hayuko peke yake. Kwa jinsi ulivyolieleza shamba lako, majibu yanaweza kuja kinyume na unavyotegemea. Yale mahindi ya njano hayanitishi sana. Mpunga unaostawi ndio umenifanya niandike jibu refu.

Tuanze na mahindi ili tuyamalize. Marudio ni jiwe lililosagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, likawa unga, likapitishwa majini, likachujwa dhahabu na kuachwa. Halina mboji, halina naitrojeni, maji halishiki, na likikauka linaganda kama sakafu ya saruji. Mmea wowote ukiuotesha kwenye unga wa mawe utakuwa wa njano kwa njaa tu, hata kama hakuna tone la sumu. Kwa hiyo njano peke yake si ushahidi. Chukua jembe, nenda pale mahindi yalipodumaa, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko. Utaona tabaka la marudio, la kijivu au lenye wekundu wa kutu, limelala juu ya udongo wako wa zamani, na mpaka wake umenyooka kama uliochorwa. Ling'oe hindi moja pole pole uangalie mizizi: kama imefika kwenye mpaka ikakunja kona na kutambaa pembeni, shida kubwa ni ugumu na njaa. Kama ni mifupi, minene, ya kahawia kwenye ncha, haina yale manyoya membamba, hapo naanza kuishuku shaba au uchachu mkali. Upime na unene wa lile tabaka. Vidole viwili ni habari moja, shubiri nzima ni habari nyingine, na huko mbele utaona kwa nini.

Kwa nini uchachu? Miamba ya dhahabu mara nyingi huja na salfaidi, yale madini ya manjano yanayong'aa ambayo humhadaa mchimbaji mgeni akadhani ameshatajirika. Yakiwa ndani ya mwamba hayana neno. Yakisagwa na kuachwa juani na mvuani, yanakutana na hewa na maji, yanatoa asidi. Asidi hiyo inashuka na maji ikibeba kila metali iliyoifungua njiani. Ukiona kijito cha kutoka mwaloni kina ukoko wa rangi ya machungwa kwenye mawe, hilo ndilo linalotokea.

Sasa neno lako "umekufa". Udongo wa shamba haufi kwa siku moja, lakini watumishi wake wanaweza kupungua kimya kimya. Mboji hutengenezwa na fangasi, bakteria na minyoo wanaokula masalia ya mazao. Shaba, zinki, kadimi na zebaki zikizidi, hawa ndio wanaoumia kwanza, kabla ya mahindi yenyewe. Dalili utaiona kwenye mabua: yale uliyoyafukia msimu uliopita yanakaa bila kuoza, na ukichimba asubuhi baada ya mvua huoni hata mnyoo mmoja. Kipimo kizuri zaidi unacho tayari, ni maharage yako. Yakianza kutoa maua, chimbua shina moja pamoja na udongo wake, usiling'oe kwa kulivuta, litikise taratibu, utazame vile vinundu kwenye mizizi. Kikate kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu wa waridi ndani, bakteria wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au cha kijivu, au hakuna vinundu kabisa, wamelala au hawapo. Huko Uingereza, kwenye mashamba ya majaribio yaliyowekwa tope la majitaka kwa miaka mingi, watafiti waligundua kwamba metali zilikuwa zimewamaliza bakteria wa vinundu vya klova, mmea wa jamii ya kunde, wakati udongo wenyewe, kwa macho, ulionekana mweusi na wenye rutuba. Usiniharakishe hapo, maana vinundu hukosekana pia kwa upungufu wa fosforasi au kwa udongo mchachu tu. Ndiyo maana nataka ulinganishe: shina moja kutoka kwenye marudio, jingine kutoka kona ambayo marudio hayajafika.

Nifungue mabano kidogo, maana wasomaji wa Kilimanjaro na Kagera huwa wanadhani haya ni mambo ya machimboni. Mrututu uliopuliziwa kwenye mibuni kwa miongo mingi ni shaba. Haikuondoka. Iko palepale kwenye udongo wa juu chini ya kahawa, na ukikata mibuni ya zamani ukapanda mboga, ujue unapanda juu ya akiba hiyo. Dawa nyingi za wadudu huoza, nyingine kwa wiki, nyingine kwa miaka. Metali haiozi. Ni elementi, haina kitu cha kuvunjikia. Inaweza kushikwa, kuhamishwa au kufukiwa, basi.

Turudi kwako. Kuna metali ambazo mmea hauzivumilii: shaba na zinki zikizidi, mmea unadumaa au unakufa kabla haujabeba kiasi cha kumdhuru mlaji. Hizo zina ustaarabu wa kukupigia hodi. Nyingine hazipigi hodi. Kadimi inaingia kwa mlango wa zinki na chuma, inapanda mpaka kwenye majani na punje, na mmea unabaki wa kijani, unapendeza, unavunwa, unauzwa. Kule Toyama, Japani, wakulima wa bonde la mto Jinzu walimwagilia mpunga kwa maji yaliyotoka kwenye migodi ya juu. Mpunga uliota. Wanawake, hasa waliozaa watoto wengi na kufika umri mkubwa, wakaanza kuvunjika mifupa kwa kukohoa tu, wakauita ugonjwa huo itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali ilikiri mwaka 1968 kwamba chanzo ni kadimi. Kusafisha majaruba yale, kwa kuondoa au kufukia udongo wa juu na kuweka mwingine, kulianza 1979 kukaisha 2012, zaidi ya hekta 800. Mweleze mumeo kisa hiki, taratibu, bila kumshinda hoja mbele ya watoto.

Na zebaki, ambayo ndiyo jina la kwanza linalokuja akilini mtu akitaja mwalo? Hapa nina habari mbili, nzuri na mbaya. Nzuri ni kwamba zebaki iliyomo kwenye udongo mkavu haipandi sana kupitia mizizi. Inanaswa na mboji na kubaki mizizini. Mahindi ya shamba la juu kwa kawaida hayabebi zebaki nyingi kwenye punje. Mbaya ni kwamba ina njia mbili nyingine. Ya kwanza ni hewa. Mchenjuaji akichoma ile bonge la dhahabu na zebaki kwenye moto wa wazi, mvuke wake unatawanyika, na majani ya mchicha yanauvuta moja kwa moja kupitia vitundu vyake vya kupumulia, pengine hata udongo wa bustani ukiwa safi. Kwa hiyo umbali wa bustani yako kutoka pale wanapochomea una uzito kuliko hata umbali kutoka kwenye lundo la marudio. Umesema mwalo hautumiki sana. Neno "sana" hilo lichunguze: nani anachoma, siku gani, na upepo unaelekea wapi.

Njia ya pili ni maji yaliyosimama. Tope la jaruba lisilo na hewa lina bakteria wanaoigeuza zebaki ya kawaida kuwa methilizebaki. Hiyo ndiyo aina iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Kule walikula samaki. Lakini huko Wanshan, jimbo la Guizhou nchini China, kwenye eneo la migodi ya zamani ya zebaki, ilionekana kwamba watu wanaipata zaidi kupitia wali kuliko samaki, kwa sababu mpunga, tofauti na nafaka za nchi kavu, unaibeba methilizebaki mpaka kwenye punje. Na huko kwenu, watafiti waliochunguza Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta zebaki imeshuka na mafuriko kutoka mialoni hadi kwenye udongo wa mashamba ya mbugani. Mpunga wako unastawi, naam. Mpunga hauihitaji zebaki wala hauigombezi.

Sasa jirani na chokaa yake. Ushauri wake nusu ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayoufanya uwe wa hatari. Ili uelewe, upande na mimi daladala. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, ni kama viti. Risasi, kadimi, zinki na shaba zina chaji chanya, ndio abiria waliokaa. Udongo ukiwa mchachu, umati wa haidrojeni unapanda gari, unawasukuma abiria wa zamani, wanashuka na kuingia kwenye maji ya udongo, na huko mizizi inawasubiri. Chokaa inaushusha ule umati, samadi inaongeza viti. Kwa hiyo kwa risasi, kadimi na zinki, kupandisha pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, ya udongo mchachu hadi karibu 6.5 na kuongeza samadi iliyoiva kunapunguza kweli kinachofika kwenye mboga. Hakuna kilichoondoka. Abiria wamekaa tu, na ukiacha chokaa miaka kadhaa udongo ukarudi kuwa mchachu, watasimama tena.

Aseniki, sumu nyingine ya mawe haya, hapandi daladala hiyo. Ndani ya udongo huyu hutembea na chaji hasi, na anashikilia kutu ya chuma. Ukiweka chokaa nyingi, mkono wake unalegea. Ukiweka fosfeti, inamnyang'anya mahali pake. Ukifurisha jaruba, ile kutu yenyewe inayeyuka naye anaachiwa, na mpunga humvuta kirahisi kwa sababu humdhania ni silika, madini ya mchanga ambayo mpunga unayapenda. Na mawe mengi yenye dhahabu yana aseniki ndani yake. Unaona mtego? Dawa ya risasi ni kichocheo kwa aseniki. Kufurisha jaruba kunamfunga kadimi lakini kunamfungua aseniki na kumpikia zebaki. Kulikausha jaruba ili kutuliza zebaki na aseniki kunamrudisha kadimi. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kumshauri mkulima mmoja aweke chokaa kabla majibu ya maabara hayajafika, kwa vile kila mtu alisema tatizo la bonde lile ni risasi. Majibu yakaja, risasi ilikuwa kidogo, aseniki ndiye aliyekuwa juu. Tangu hapo sitoi ushauri wa chokaa kwa shamba la chini ya marudio kabla sijaona namba.

Alizeti nitaimaliza kwa hesabu ya kwenye vidole. Udongo wa juu wa ekari moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa kama tani 1,000. Maana yake kila miligramu moja ya metali kwa kilo ya udongo ni kilo moja ya metali kwenye ekari nzima. Tuseme una risasi miligramu 300 kwa kilo: hizo ni kilo 300 za risasi. Alizeti yako ikitoa tani 4 za mabua makavu, na kila kilo ya mabua ikabeba miligramu 50, umeondoa gramu 200. Gawanya uone: misimu 1,500, na mabua yote hayo uyapeleke wapi? Kuna mimea inayovuta zaidi, mfano aina moja ya kangaga inayomfyonza aseniki kwa wingi wa ajabu, lakini hata hiyo huhesabiwa kwa miaka mingi na inafaa pale uchafu ulipo mdogo. Panda alizeti kwa sababu ya mafuta, maana mafuta hubeba metali kidogo sana. Usiipande kwa imani kwamba unasafisha.

Kuhusu kuchemsha: moto unaua vijidudu, metali si kijidudu. Ila kuosha kunasaidia, na kunasaidia sana kwa risasi, kwa sababu risasi nyingi kwenye mboga haiko ndani ya jani, iko juu yake kama vumbi na matone ya tope yaliyoruka wakati wa mvua. Osha mchicha kwa maji matatu, tupa majani ya chini yanayogusa ardhi, menya mihogo na viazi kwa unene. Kilichoingia ndani ya jani, kwa kuosha hakitoki.

Umeuliza kama kuna dawa. Ipo kazi, na ina mpangilio. Kabla ya yote, zuia kinachoshuka. Ukitibu shamba huku marudio yanaendelea kuingia kila masika, unachota maji kwa pakacha. Chimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu, ukifuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, udongo uutupe upande wa chini uwe tuta, na juu ya tuta panda majani ya tembo au vetiva kwa mistari iliyobanana. Maji ya mtaro yasielekezwe kwenye majaruba wala kisimani. Lundo lenyewe si lako na huna nguvu ya kulihamisha. Lipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa mazingira wa halmashauri, kwa maandishi, ubaki na nakala. Mwenye leseni ya kuchenjua ana wajibu kisheria wa kudhibiti mabaki yake, na mamlaka ya taifa ya mazingira (NEMC) ina ofisi za kanda.

Kuna mtu huenda akaja kukuambia anayanunua marudio yaliyo shambani kwako, ayapeleke kwenye matenki ya sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki. Utafurahi, maana ataondoa uchafu na kukuachia pesa. Kama anayachukua kwenda kwenye plenti yenye leseni, mbali, sawa. Lakini akitaka kujenga matenki hapohapo, kataa. Marudio yale bado yana zebaki, na sayanaidi inaiyeyusha zebaki na kuifanya isafiri na maji kirahisi kuliko mwanzo. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, unakutaja kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kuwa miongoni mwa vitendo vibaya kabisa vinavyopaswa kukomeshwa.

Pili, mambo ya kuanza leo bila kusubiri maabara. Bustani ya mboga za majani ihamishe. Hata kipande cha mita tano kwa tano upande wa nyumba ambako maji ya mwaloni hayafiki kinatosha mboga ya familia, au tumia viroba vilivyojazwa udongo wa mahali salama. Angalizo hapo: viroba visiwe vile vilivyobebea mawe ya dhahabu, na kamwe usihifadhie mahindi humo. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa kwenye mashine za nafaka na ndani ya nyua za watu. Zaidi ya watoto 400 walikufa, na kabla ya kutibu walio hai ilibidi udongo wa nyua ukwanguliwe na kuondolewa, kwa kuwa mtoto aliyetibiwa akirudi kwenye vumbi lile anaumwa upya.

Ndiyo maana mtoto wako wa mwaka na nusu ananishughulisha kuliko ekari zote mbili. Umri huo kila kitu kinaenda mdomoni, na tumbo la mtoto hunyonya risasi kwa kasi kuliko la mtu mzima. Uwanja wa nyumba usimwagwe mchanga wa marudio hata kama ni mzuri kwa kusakafia. Fagia baada ya kunyunyiza maji, mikono ioshwe kabla ya kula, viatu vya shambani vibaki nje. Kuku wanaodonoa kwenye lundo wanaweza kuibeba risasi mpaka kwenye yai, wafungie. Na kama una ujauzito na una hamu ya udongo, usichimbe wa hapo, wala wa kichuguu cha hapo.

Tatu, sampuli. Vipimo vya udongo vya kawaida, vile vya kukuambia uweke mbolea gani, havipimi metali hizi. Itabidi uombe kwa majina: zebaki, risasi, aseniki, kadimi na shaba, pamoja na pH na mboji. Gawa shamba mafungu manne: penye marudio, bustani, majaruba, na kona ya juu ambayo maji ya mwaloni hayajawahi kuifikia. Hiyo ya mwisho ndiyo mizani yako, kwa sababu miamba ya Geita ina metali zake za asili na bila ulinganisho hutajua kilicholetwa na mwalo. Kila fungu, tembea kwa zigizaga ukichukua vijiko 15 hadi 20 vya kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati lililopakwa zinki. Toa kilo moja. Anika kivulini, usikaushe motoni, zebaki itapaa na maabara itakupa majibu ya uongo. Andika fungu kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi uitie ndani ya mfuko wa pili. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara ya kanda Mwanza. GST, taasisi ya jiolojia, wako Dodoma, SUA, chuo kikuu cha kilimo, wako Morogoro, na TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, wako karibu nawe kwa ushauri wa udongo wenyewe. Uliza bei kwanza. Kupima metali tano kwa mafungu manne si pesa ndogo, na kama mfuko hauruhusu, anza na mafungu mawili, majaruba na ile kona ya mizani. Majirani wanne wenye mashamba mstari mmoja wakichanga, mzigo unapungua, na malalamiko yenu halmashauri yanapata uzito.

Namba zikija utazisomaje? Tanzania ina kanuni za ubora wa udongo za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na maabara ikuandikie majibu ikilinganisha nazo. Kwa kuonja tu, Umoja wa Ulaya ulipoweka mipaka mwaka 1986 kwa mashamba yanayotiwa tope la majitaka, ulitaja kadimi miligramu 1 hadi 3 kwa kilo ya udongo mkavu, risasi 50 hadi 300, zebaki 1 hadi 1.5. Kwa mboga zenyewe, viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu risasi isizidi miligramu 0.3 kwa kilo ya mboga za majani, na kadimi 0.2. Ukibakiwa na pesa ya kipimo kimoja zaidi, peleka mchele wako. Udongo unaeleza hatari inayowezekana, mchele unaeleza kinachoingia mdomoni.

Kama penye marudio ndiko kuchafu na tabaka lake ni vidole viwili vitatu, kulikwangua na kulitoa kunawezekana kwa eneo dogo, kabla halijalimwa na kuchanganyika. Hapo ndipo unene niliokuambia upime unapofanya kazi. Usilipitishie trekta wala plau la ng'ombe kwa sasa. Likiwa shubiri nzima kwenye robo ekari, ni malori mengi na pa kutupa hapapatikani. Afadhali ulifunike, upande miti ya mbao au pamba, vitu ambavyo havipiti jikoni. Mahindi na nyanya huingiza metali kidogo kwenye sehemu inayoliwa kuliko mchicha au mihogo, kwa hiyo kwenye uchafu wa wastani yanaweza kuendelea, na samadi itayasaidia na ile njaa yao. Majaruba yakionekana na zebaki au aseniki juu ya kiwango, badilisha mbuga iwe ya zao la nchi kavu msimu ambao maji yanaruhusu, au kwanza ujue kadimi imesimama wapi halafu ndipo tuzungumzie kukausha na kufurisha kwa zamu. Kuhama? Mimi singekimbilia huko kwa sababu ya shamba. Ningehama kwa sababu ya moto wa zebaki unaowaka karibu na nyumba penye watoto, kama mchomaji hataki kuhama yeye.

Daktari muone bila kusubiri maabara ya udongo ikiwa mtoto yeyote anaumwa tumbo mara kwa mara bila sababu, amepungukiwa damu, anachelewa kutembea au kusema, au amepata degedege bila malaria. Mwambie daktari wazi kwamba mnaishi chini ya mwalo, maana asipoambiwa hatafikiria risasi, na uulize kipimo cha risasi kwenye damu kinapatikana hospitali gani ya kanda. Kwa mtu mzima anayechoma dhahabu, kutetemeka mikono, kukosa usingizi na hasira zisizo zake ni dalili za mvuke wa zebaki.

Majibu ya maabara yakitoka niandikie namba zote, usiniandikie "ni mabaya" au "ni mazuri", na usisahau pH ya kila fungu. Niambie pia ulichokiona ndani ya vile vinundu vya maharage.